Stella Manyanya

Stella Martin Manyanya ni mhandisi na mwanasiasa wa Tanzania kutoka Chama Cha Mapinduzi (CCM). Alikuwa mbunge kwa miaka 20 mfululizo: kwanza wa viti maalumu (2005–2015), halafu wa jimbo la Nyasa, Mkoa wa Ruvuma (2015–2025).

Viti maalumu

Wabunge wa viti maalumu ni wanawake wanaoingia bungeni kupitia orodha za vyama, kulingana na kura ambazo kila chama kimepata nchi nzima. Wana sauti na kura sawa na wenzao, lakini hawana jimbo, na fedha za mfuko wa kuchochea maendeleo ya jimbo haziwahusu. Wengi huishia hapo. Wachache hurudi kuomba kura kwa wananchi wenyewe, na Manyanya ni mmoja wao. Mkoani Ruvuma, Jenista Mhagama alikuwa amemtangulia katika njia hiyo alipochaguliwa jimbo la Peramiho mwaka 2005.

Kamati ya Richmond

Jina la Manyanya lilijulikana nchini kabla hajawa na jimbo. Mwaka 2006 ukame ulipunguza umeme wa mabwawa, na serikali ikaingia mkataba wa dharura na kampuni ya Richmond ili izalishe megawati 100. Umeme haukupatikana kwa wakati, na baadaye mkataba ukahamishiwa kampuni ya Dowans. Novemba 2007 Bunge chini ya Spika Samuel Sitta liliunda kamati teule ya watu watano: Harrison Mwakyembe (mwenyekiti), Stella Manyanya, Lucas Selelii, Herbert Mntangi na Mohamed Habib Mnyaa. Taarifa yake ilisomwa Dodoma tarehe 6 Februari 2008. Siku iliyofuata Waziri Mkuu Edward Lowassa alitangaza kujiuzulu, pamoja na mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha. Ikumbukwe kuwa wanakamati wanne kati ya hao watano walikuwa wa CCM, chama cha Waziri Mkuu mwenyewe.

Mkuu wa mkoa

Mwaka 2011 Rais Jakaya Kikwete alimteua kuwa Mkuu wa Mkoa wa Rukwa huku akibaki mbunge. Sheria iliruhusu, lakini ni vigumu kuona jinsi mtu anavyoweza kuisimamia serikali bungeni na wakati huohuo kuwa mwakilishi wa Rais mkoani.

Jimbo la Nyasa

Jimbo hili lipo mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyasa, pamoja na Mbamba Bay, Liuli na Lituhi. Lisichanganywe na Nyasaland, jina la zamani la Malawi iliyo ng'ambo ya ziwa. Zamani mwambao huo ulikuwa ndani ya Wilaya ya Mbinga, na mtu wa ziwani alipaswa kupanda milima ya Umatengo kufuata ofisi za wilaya. Kwenye Bunge uliitwa Mbinga Magharibi, na mbunge wake tangu 2005 alikuwa Kapteni John Komba, mwanamuziki wa kundi la TOT, aliyefariki tarehe 28 Februari 2015 na kuzikwa Lituhi.

Katika uchaguzi wa Oktoba 2015 jimbo lilikuwa limeshachukua jina la wilaya mpya ya Nyasa, na Manyanya akashinda. Rais John Magufuli alimteua Naibu Waziri wa Elimu chini ya Profesa Joyce Ndalichako. Oktoba 2017 alihamishiwa Wizara ya Viwanda, Biashara na Uwekezaji, akabaki huko hadi 2020.

Katika miaka hiyo ilijengwa barabara ya lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66 za miteremko na kona. Si haki kumpa mbunge mmoja sifa zote za barabara hiyo, kwa kuwa ilidaiwa tangu enzi za waliomtangulia. Alichaguliwa tena mwaka 2020, safari hii bila cheo cha uwaziri, akalitumikia jimbo hadi Bunge la 12 lilipomaliza muda wake mwaka 2025.