Vidonge vya saratani ya damu (AML): uliza haya kabla ndugu yako hajameza

Leo siasa pembeni, tuongee dawa. Mada ni nzito kidogo, ila ukiwa na ndugu mwenye saratani ya damu itakufaa. Mimi si daktari. Nayaweka haya ili ujue cha kuuliza, siyo ili ujitibu.

AML NI NINI?
Ni saratani ya damu inayoanzia kwenye uboho na inakwenda mbio. Mgonjwa anaishiwa damu, anatokwa damu ovyo, homa haziishi, na ndani ya wiki chache anaweza kuzidiwa. Msiichanganye na CML, ile ya polepole, ambayo wagonjwa wengi Tanzania na Kenya walipata Glivec bure kupitia mpango wa GIPAP. Glivec siyo dawa ya AML, kwa hiyo usiazime vidonge vya jirani.

DAWA YENYEWE
Kwa AML kuna vidonge vinavyolenga jeni iliyoharibika. Mfano wangu ni gilteritinibu, kwenye boksi imeandikwa Xospata. Marekani waliiruhusu Novemba 2018 kwa watu wazima ambao AML yao imerudi au imegomea tiba, NA jeni yao ya FLT3 imebadilika. Wenye mabadiliko hayo ni kama theluthi moja ya wagonjwa wa AML.

Utafiti uitwao ADMIRAL, uliotoka 2019, ulikuwa na wagonjwa 371. Nusu ya waliomeza dawa hii waliishi zaidi ya miezi 9.3. Kwa waliopewa kemo ilikuwa miezi 5.6. Siyo muujiza, lakini miezi hiyo ni uhai wa mtu. Na kwa kuwa bei yake huko Marekani ni maelfu ya dola kwa mwezi, anayeipata huku kwetu ameipata kwa jasho. Isiharibike kwa kukosa maelezo.

ANAYEANDIKA DAWA AHAKIKISHE
1. Kipimo cha FLT3 kimefanyika. Bila hicho ni kubahatisha.
2. Kipimo cha umeme wa moyo (ECG) kabla ya kuanza, siku ya 8, siku ya 15, na kabla ya mzunguko wa pili na wa tatu. Mzunguko mmoja ni siku 28.
3. Potasiamu na magnesi kwenye damu ziko sawa. Zikiwa chini zirekebishwe kwanza, maana moyo unaweza kupiga vibaya.
4. Damu inapimwa kila wiki mwezi wa kwanza, kila wiki mbili mwezi wa pili, halafu mara moja kwa mwezi.
5. Hakuna mimba. Uzazi wa mpango uendelee miezi 6 baada ya dozi ya mwisho kwa mwanamke, miezi 4 kwa mwanaume.

Dozi ya kawaida ni vidonge 3 vya mg 40, mara moja kwa siku, muda ule ule. Usivunje wala usisage. Ukisahau, meza siku hiyo hiyo iwapo zimebaki angalau saa 12 kabla ya dozi inayofuata. Usimeze mbili kwa mpigo.

SASA TUJE MAKERE
Daktari wa saratani yuko Bugando au Muhimbili, ila vidonge vinamezwa nyumbani. Homa ikija, mtu anakimbilia zahanati au duka la dawa muhimu. Mhudumu hajui una dawa gani mwilini, na hatari inaanzia hapo:

- Rifampisini ya TB inaiondoa gilteritinibu mwilini haraka. Unameza, haifanyi kazi.
- Ketokonazo na itrakonazo, dawa za fangasi, zinaipandisha kwenye damu kupita kiasi.
- Dawa mseto (ALu), kwinini, eritromaisini na sipro zinaweza nazo kugusa umeme wa moyo. Zikikutana na hii, hatari inaongezeka.

Jamani, sijasema usitibu malaria! Malaria inaua. Pima, TAJA dawa yako kabla hujapewa nyingine, na mhudumu ampigie daktari wako kupanga ipi itumike. Miti shamba pia itajwe.

HOMA SIYO MALARIA TU
Dawa hii inaweza kukomaza seli za saratani kwa ghafla, hasa miezi 3 ya mwanzo. Dalili ni homa, kubanwa pumzi, kuvimba, uzito kupanda haraka, vipele. Hospitali wanatibu kwa deksamethasoni, na kuchelewa kunaua. Tena mgonjwa wa AML ana kinga ndogo, hivyo homa yake inaweza kuwa maambukizi makali ya damu. Kwa hiyo asipewe panadol akalale. Usiku huo huo apelekwe Kasulu, na ikibidi Maweni.

Mwisho, andika kikaratasi: jina la dawa, dozi, tarehe ya kuanza, simu ya daktari. Kikae pamoja na kadi ya kliniki. Madhara yoyote mwambie mhudumu ayaripoti TMDA.

Wauguzi na wafamasia wa Kasulu na Kibondo, mwageni uzoefu wenu hapo chini. Majina ya wagonjwa msitaje tafadhali. Na wewe uliyepo kafe, chapisha hii uwapelekee nyumbani.