AFYA: Saratani ya matiti na haki ya kupata mtoto

MWANAMKE wa miaka 30 anapoambiwa ana saratani ya matiti, wazo lake la kwanza huwa ni uhai. Suala la uzazi huwekwa kando, na linapokumbukwa huenda muda ukawa umepita. Ndiyo maana wataalamu huhimiza mgonjwa aulizwe, kabla ya tiba kuanza, iwapo angependa kuzaa siku zijazo.

Dawa za tibakemia huweza kuharibu mayai yaliyomo kwenye ovari, na hatari hiyo huongezeka kadiri umri unavyosonga. Kinga thabiti ni kuvuna mayai na kuyagandisha, yenyewe au baada ya kurutubishwa. Shughuli hii huchukua yapata wiki mbili na gharama yake si haba. Ipo pia sindano ya goserelini, inayodungwa kila wiki nne ili kupumzisha ovari wakati wa tibakemia, ingawa haichukui nafasi ya kugandisha mayai.

Kukosa hedhi si ithibati ya utasa. Mgonjwa anaweza kushika mimba angali anatumia tamoksifeni, dawa inayoweza kumdhuru mtoto tumboni. Tembe, sindano na vipandikizi vya kupanga uzazi vyenye homoni havimfai. Hushauriwa kutumia koili ya shaba au kondomu.

Je, anaweza kuzaa baadaye? Utafiti wa POSITIVE, uliochapishwa mwaka wa 2023, ulihusisha wanawake zaidi ya 500 wasiozidi umri wa miaka 42, wenye saratani inayochochewa na homoni. Walitumia dawa za homoni kwa miezi 18 hadi 30, kisha wakazisitisha kwa muda ili watafute mimba. Katika miaka mitatu ya kwanza, saratani haikuwarudia kwa kiwango kinachozidi cha wagonjwa waliolinganishwa nao. Hata hivyo, ugonjwa huu waweza kurejea baada ya miaka mingi, hivyo dawa hazifai kuachwa bila idhini ya daktari.

Anayegunduliwa na saratani akiwa mjamzito naye hutibiwa: upasuaji huwezekana, na tibakemia huweza kutolewa baada ya miezi mitatu ya kwanza.

Ukavu ukeni, joto la ghafla na maumivu wakati wa tendo la ndoa ni madhara ya kawaida ya tiba. Si aibu kumweleza daktari, kwani yana nafuu. Damu inayotoka nje ya siku za hedhi nayo haifai kupuuzwa.