Kizibao cha mfuko wa hewa kwa waendesha pikipiki: namna ya kukichagua na kukivaa

Pikipiki ndiyo usafiri wa kila siku wa wakazi wengi wa Bonde la Kilombero. Kutoka vijiwe vya Kata ya Mlabani na kata nyingine za Mji wa Ifakara, waendesha bodaboda huwapeleka wagonjwa hospitalini, wafanyabiashara sokoni na wakulima mashambani, na jioni hurudi na magunia ya mpunga.

Miundombinu ya bonde hili imebadilika. Daraja la Magufuli lenye urefu wa mita 384, lililofunguliwa Mei 2018, liliondoa utegemezi wa kivuko katika Mto Kilombero, na barabara ya lami ya Kidatu hadi Ifakara, yenye urefu wa kilometa 66.9, ilizinduliwa Agosti 2024. Safari zimefupika. Hata hivyo, lami humruhusu mwendesha pikipiki kwenda kwa mwendo ambao vumbi na tope havikuuruhusu, na mwendo ndio unaoamua ukubwa wa jeraha. Kugonga kitu kisichosogea kwa mwendo wa kilometa 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka kimo cha takribani mita 10. Kwa kilometa 80 kwa saa, kimo hicho hufikia takribani mita 25.

Miongoni mwa vifaa vinavyokusudiwa kupunguza madhara ya ajali za aina hiyo ni kizibao chenye mfuko wa hewa. Makala haya yanaeleza namna kifaa hicho kinavyofanya kazi, mambo ya kuzingatia katika kukichagua na kukivaa, na nafasi yake miongoni mwa vifaa vingine vya kinga.

Kizibao hiki ni nini

Ni vazi linalofanana na kizibao cha kawaida, lakini ndani yake limeshonewa mfuko uliokunjwa. Ajali inapotokea, mfuko hujaa gesi kwa sehemu ndogo ya sekunde na kuzunguka kifua, mbavu, mgongo na, kwa aina nyingi, shingo. Nguvu ya pigo husambaa katika eneo pana la mwili badala ya kuishia mahali pamoja.

Wazo hili si jipya. Hataza ya kizibao cha pikipiki chenye mfuko wa hewa ilitolewa kwa Tamás Straub wa Hungaria katika miaka ya 1970, na kampuni ya Japani iliingiza sokoni vizibao vya Hit-Air mwishoni mwa miaka ya 1990. Tangu mwaka 2018, mavazi yenye mfuko wa hewa ni ya lazima kwa waendeshaji wa kudumu wa mashindano ya MotoGP.

Aina mbili za vizibao

Aina ya kwanza hufyatuliwa kwa kamba. Upande mmoja wa kamba hufungwa kwenye pikipiki na upande wa pili kwenye kizibao. Mwendeshaji anaporushwa, kamba huvutika kwa nguvu, hutoboa mtungi mdogo wa gesi ya kabonidioksaidi, na mfuko hujaa. Aina hii haihitaji umeme. Baada ya kufyatuka, mwenyewe anaweza kubadilisha mtungi na kukitumia tena, mradi vazi halikuchanika.

Aina ya pili hutumia vihisio vya kielektroniki vinavyopima mabadiliko ya ghafla ya mwendo na mwinamo wa mwili. Haina kamba na huweza kufyatuka mapema zaidi, wakati mwingine kabla mwendeshaji hajatengana na pikipiki. Betri yake lazima ichajiwe, na baadhi ya aina huhitaji programu zake kuhuishwa au kifaa kurejeshwa kwa mtengenezaji baada ya kufyatuka.

Kwa mwendesha bodaboda wa Ifakara, tofauti hizi zina uzito. Kizibao cha kielektroniki kisichochajiwa hakitajaa. Kizibao cha kamba ambacho mtungi wake wa akiba haupatikani nchini huwa nguo tu baada ya ajali ya kwanza. Kwa hiyo, swali la kwanza kwa muuzaji lihusu upatikanaji wa mitungi ya akiba na huduma ya matengenezo, kisha ndipo bei ijadiliwe.

Mambo ya kukagua kabla ya kununua

Kwanza, alama ya viwango. Vizibao vya kamba vilivyopimwa kwa utaratibu wa Ulaya huwa na alama ya CE pamoja na namba EN 1621-4, na hueleza iwapo ni vya kiwango cha 1 au cha 2. Kiwango cha 2 hupunguza zaidi nguvu inayoufikia mwili. Lebo ieleze pia sehemu za mwili zinazokingwa. Vazi linaloitwa la kinga bila namba yoyote ya kiwango lisichukuliwe kuwa kinga.

Pili, ukubwa. Kizibao kikubwa kupita kiasi husogea mwilini na kuacha mbavu wazi. Kidogo hubana kifua mfuko unapojaa. Kijaribiwe juu ya koti litakalovaliwa kila siku, mwendeshaji akiwa ameketi kwenye pikipiki.

Tatu, hali ya hewa. Bonde la Kilombero lina joto na unyevu mwingi. Kizibao kizito kisichopitisha hewa huishia kuning'inizwa kwenye usukani kuanzia saa nne asubuhi. Chepesi chenye wavu, kinachovaliwa siku nzima, kina faida kubwa kuliko kizito kinachoachwa nyumbani.

Nne, mtungi. Kila aina huhitaji mtungi wa ujazo wake, na ujazo usiolingana hauruhusiwi. Mitungi mingi huchapishwa uzito wake kwenye chuma. Ukipimwa kwa mizani ndogo na kuonekana mwepesi kuliko uzito huo, umevuja au umekwisha kutumika. Anayenunua kizibao cha mtumba afanye kipimo hiki kabla ya kutoa fedha, na akague mishono na mfuko wenyewe.

Namna ya kukivaa

Kizibao huvaliwa juu ya koti, isipokuwa kile ambacho mtengenezaji ameeleza kuwa ni cha ndani. Mfuko unapojaa huhitaji nafasi ya kutanuka. Ukizuiwa na koti linalobana, nguvu yake huurudia mwili wa mvaaji. Vivyo hivyo kwa vizibao vya kuakisi mwanga vinavyovaliwa na waendesha bodaboda: visivaliwe kwa kubana juu ya kizibao cha mfuko wa hewa. Ni bora kuchagua chenye mistari inayoakisi mwanga juu yake. Begi la mgongoni nalo lisivaliwe juu yake, ila pale maelekezo ya mtengenezaji yanapoliruhusu.

Vifungo na zipu vifungwe vyote, hata kwa safari ya kutoka kijiweni hadi stendi. Kamba ifungwe kwenye fremu ya pikipiki, karibu na mbele ya siti, na si kwenye siti inayoweza kung'oka wala kwenye kamba za mizigo. Urefu wake umruhusu mwendeshaji kusimama juu ya vikanyagio na kugeuka bila kuivuta, lakini isilegee kiasi cha kukaribia mnyororo au gurudumu.

Kamba ndiyo jambo la kwanza la kufanya baada ya kuketi, na ndiyo la kwanza la kufungua kabla ya kushuka. Asiyeifunga amevaa kizibao ambacho hakitajaa.

Abiria na mizigo

Abiria hanufaiki na kizibao cha dereva. Akihitaji kinga hiyo, awe na kizibao chake na kamba yake. Dereva naye akumbuke kwamba abiria au gunia linalobana mgongo wake hupunguza nafasi ya mfuko kutanuka. Kubeba mishikaki, pamoja na kuwa kosa kisheria, huondoa kabisa nafasi hiyo. Mtoto asikalishwe juu ya tangi mbele ya dereva: mfuko ukifyatuka, yeye ndiye atakayepokea msukumo wake.

Mipaka ya kifaa hiki

Kizibao cha mfuko wa hewa hakikingi kichwa, mikono wala miguu, ilhali miguu na kichwa ni miongoni mwa sehemu zinazoumia mara nyingi katika ajali za pikipiki. Aina ya kamba hujaa pale tu mwendeshaji anapotengana na chombo. Akigongwa ubavuni na kubanwa na pikipiki yake, au akigonga gari lililo mbele kabla kamba haijavutika, mfuko unaweza kuchelewa au kutojaa kabisa. Kwa mwendo wa kilometa 50 kwa saa, mtu husafiri takribani mita 1.4 katika sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kifaa hiki, kwa hiyo, hakihalalishi kuongeza mwendo.

Kofia ngumu kwanza

Kizibao cha mfuko wa hewa huweza kugharimu dola za Marekani mia kadhaa, fedha zinazotosha kununua kofia ngumu nyingi. Mwenye kipato cha bodaboda anapopanga matumizi yake, mpangilio wa vipaumbele uwe dhahiri.

Cha kwanza ni kofia ngumu, yaani helmeti, ya dereva na ya abiria. Mapitio ya kitaalamu ya tafiti kutoka nchi mbalimbali, yaliyochapishwa mwaka 2008, yalibainisha kuwa helmeti hupunguza uwezekano wa kifo kwa takribani asilimia 42 na wa jeraha la kichwa kwa takribani asilimia 69. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamtaka mwendesha pikipiki aivae. Inunuliwe yenye alama ya kiwango, itoshee kichwa bila kucheza, na mkanda wake ufungwe kidevuni. Iliyowahi kupata pigo zito ibadilishwe hata kama haionyeshi ufa.

Cha pili ni viatu vinavyofunika vifundo vya miguu badala ya ndala, suruali nzito na glavu. Cha tatu ni koti lenye pedi mabegani, viwikoni na mgongoni. Baada ya hivyo ndipo kizibao cha mfuko wa hewa kinapoongeza kinga ya kifua na uti wa mgongo. Kununua kizibao huku abiria hana helmeti ni kukosea mpangilio huo.

Matunzo

Kizibao kikaushwe kivulini baada ya mvua, hasa katika msimu wa masika, na kisifuliwe kwa mashine. Mfumo wa kufyatulia usafishwe vumbi kwa kitambaa kikavu. Mtungi ukaguliwe kila mwezi, usiachwe juani, na ubadilishwe muda wake unapokwisha. Mfuko uliojaa katika ajali ukaguliwe na fundi anayeufahamu kabla ya kutumika tena.

Ajali inapotokea

Gesi hupungua yenyewe baada ya muda mfupi, na vifungo huweza kufunguliwa kwa mkono. Majeruhi asivuliwe helmeti isipokuwa kama inamzuia kupumua, na shingo yake isigeuzwe. Asikalishwe kati ya watu wawili juu ya pikipiki nyingine ili kukimbizwa Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko au kituo kingine cha afya: uti wa mgongo uliovunjika unaweza kuharibika zaidi njiani. Alazwe chali juu ya ubao au sehemu tambarare ya gari, kichwa kikishikiliwa, na Polisi wapigiwe simu namba 112.

Wananchi wanakumbushwa kuwa kikomo cha mwendo katika maeneo ya makazi ni kilometa 50 kwa saa. Kizibao, helmeti na koti hupunguza madhara ya ajali iliyokwisha kutokea. Kuizuia isitokee kunabaki mikononi mwa dereva, pamoja na abiria anayekataa kupakiwa kama mshikaki na anayedai helmeti kabla ya safari kuanza.