Tairi la nyuma la boda limelala? Hivi ndivyo unavyolitoa nyumbani, na sehemu ya kuwa makini unapolirudisha

Saa kumi na moja alfajiri, abiria anakusubiri awahi basi la Mwanza pale Tarime mjini. Unatoa pikipiki ndani, tairi la nyuma limelala chini. Fundi yuko senta, kilomita kadhaa kutoka kwako. Ukiisukuma na pancha yake mpaka huko, tyubu inajisaga ndani na valvu inaweza kukatika. Pancha ya kiraka kimoja inakuwa tyubu mpya.

Ndiyo maana madereva wengi wa vijijini Tarime na Serengeti wanatoa gurudumu lenyewe, wanalibeba kwa boda ya mwenzao, pikipiki inabaki nyumbani. Kazi hii haihitaji gereji. Inahitaji spana mbili za nati ya ekseli (soma namba kwenye pikipiki yako, nyingi ni kati ya 17 na 24), spana ya nati ya breki, koleo, nyundo, kipande cha mbao na grisi kidogo.

Hapa tunaongelea pikipiki za kazi kama Boxer na TVS HLX zenye breki ya drum nyuma, maana ndizo zimejaa vijiweni kuanzia Sirari hadi Mugumu.

Kabla ya kuinyanyua

Legeza nati ya ekseli wakati tairi zote mbili ziko chini, pikipiki ikiwa imesimama vizuri. Legeza tu, usiitoe. Wengi wanapanda stendi kwanza, halafu wanaing'ang'ania ile nati iliyoshika kutu mpaka pikipiki inawaangukia.

Sasa weka stendi kubwa. Kama uwanja wako ni udongo, tanguliza ubao chini ya stendi ili isizame, hasa kipindi cha masika ukiwa kwenye ule udongo mweusi upande wa Serengeti. Zuia tairi la mbele kwa mawe mawili, gia iwe nyutro. Kama umetoka safarini muda huo huo, subiri ekzosi ipoe.

Breki kwanza, ekseli baadaye

Anza na fimbo ya breki, ile inayotoka kwenye pedali ya mguu. Fungua nati yake ya nyuma huku ukihesabu mizunguko, uiandike hata kwenye simu. Fimbo ikichomoka, rudisha springi, kile kipini na nati kwenye fimbo hiyo hiyo. Springi ikidondokea kwenye majani saa kumi na moja alfajiri, mura, huioni tena.

Kisha fungua chuma kinachoshika kifuniko cha breki kwenye pikipiki. Kina nati, na mara nyingi kotapini. Kipige picha kabla hujakigusa. Tutarudi kwake.

Upande wa cheni angalia vizuri: kwenye nyingi ya pikipiki hizi utaona nati mbili, ndogo ya ekseli na nyingine kubwa nyuma yake. Fungua ile ndogo tu. Nati kubwa ndiyo inayoshikilia sproketi, ukiiacha, sproketi na cheni zinabaki mahali pake na mkao wa cheni hauharibiki. Boliti za kuvuta cheni nazo usiziguse.

Kama yako haina nati kubwa, itabidi ulegeze boliti za kuvuta cheni, usukume gurudumu mbele na kuvua cheni kwenye sproketi.

Ekseli ikigoma, usiipige nyundo moja kwa moja, utaua meno yake. Weka mbao katikati, gonga taratibu, ivute kwa upande wa pili. Ikitoka, bushi itadondoka. Angalia ilikuwa upande gani na sura ipi ilitazama ndani. Sasa vuta gurudumu pembeni liachane na sproketi, mwenzako ailaze pikipiki kidogo, lipite chini ya madigadi.

Usilipeleke kwa fundi kabla ya kuchungulia

Huu ndio muda pekee unaoona vitu vilivyojificha, na dakika tano zinatosha. Ingiza kidole kwenye beringi, uzungushe. Ikikwaruza au kucheza, imekwisha. Angalia raba zilizo kati ya habu na sproketi, zikiwa zimeliwa ndizo zinafanya pikipiki ishtuke kila ukiachia klachi. Gonga spoku moja moja kwa spana: iliyolegea inatoa mlio mzito tofauti na wenzake. Barabara za mawe zinalegeza spoku haraka kuliko wengi wanavyodhani.

Toa kifuniko cha breki uangalie breki shuu. Vumbi lile usilipulize kwa mdomo, breki shuu za zamani zinaweza kuwa na asbesto, na hiyo huumiza mapafu. Lifute kwa kitambaa chenye maji. Grisi au oili isiguse breki shuu wala ndani ya drum.

Kurudisha

Paka ekseli grisi nyepesi, rudisha gurudumu likae kwenye raba za sproketi, weka bushi, pitisha ekseli. Usikaze kwanza.

Hapa ndipo pa kuwa makini kuliko kote. Rudisha kile chuma cha kushika kifuniko cha breki, kaza nati yake, weka kotapini. Kikisahaulika, pikipiki itatembea kawaida kabisa na hutagundua chochote. Siku ukikanyaga breki kwa nguvu, tuseme unateremka kuelekea daraja la Mto Mara ukiwa na abiria na gunia, kifuniko kizima kitazunguka na gurudumu, kitavuta fimbo ya breki na gurudumu linaweza kujifunga ghafla. Msumari au waya badala ya kotapini ni kitu cha kawaida sana kwenye pikipiki zetu, na sioni sababu, kwa sababu kotapini ni kati ya vipuri vya bei ndogo kabisa dukani.

Rudisha fimbo ya breki kwa idadi ile ile ya mizunguko. Ndipo ukaze nati ya ekseli. Kama ulivua cheni, hakikisha alama za kulia na kushoto zinalingana, na cheni icheze kama milimita 25 hadi 30 katikati. Kama uliikata kwenye klipu, upande wa klipu uliofungwa uelekee cheni inakokwenda.

Zungusha gurudumu kwa mkono, kanyaga breki, liachie. Lazima lisimame na liachie lenyewe. Endesha mita 50 bila abiria, funga breki mara mbili tatu. Jioni ya siku hiyo kagua nati zote tena.

Na la mbele?

La mbele ni jepesi zaidi: chomoa waya wa breki na waya wa spidomita, toa ekseli. Wakati wa kurudisha, ule ulimi wa kwenye fork lazima uingie kwenye mfereji wa kifuniko cha breki, kwa sababu ile ile tuliyoisema hapo juu. Kama yako ni ya disk, usiminye breki gurudumu likiwa nje. Chomeka kipande cha mbao katikati ya pedi mtoto asije akaminya.

Beringi iliyokwisha, rimu iliyopinda na spoku zilizokatika mpelekee fundi. Mwambie umeona nini, ili asianze kutafuta upya kwa pesa yako.