Luteni Uhura Ashika Uongozi: Katuni ya Star Trek, 1973–1974

Tamthilia ya Marekani ya Star Trek, kuhusu safari za chombo cha anga Enterprise, ilikatishwa mwaka 1969. Septemba 1973 ilirudi kama katuni ya studio ya Filmation, vipindi 22. Fedha zilikuwa chache. Ukitazama kwa makini utaona michoro ileile ikirudiwa.

Nichelle Nichols, mwigizaji Mweusi wa Luteni Uhura, ambaye jina lake limetoka katika neno letu uhuru, nusura aachwe ili kubana gharama. Leonard Nimoy, aliyeigiza mhusika Spock, alikataa kushiriki mpaka Nichols na mwigizaji mwenzao George Takei nao waajiriwe. Msimamo huo unastahili heshima.

Katika kipindi cha nne, wanaume wa chombo wanarogwa kwa sauti ya mbali, wanalegea na kuzeeka haraka. Uhura anachukua uongozi na kwenda na kikosi cha wanawake kuwaokoa. Tamthilia ya awali haikumpa nafasi hiyo hata mara moja.

Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni. Wakazi wa vijiji kama Litembo hawakuiona katuni hii. Habari za mbali walizipata redioni. Huko Marekani, mwaka 1975 katuni hii ilishinda tuzo ya Emmy.