Kebo Inayolizuia Gari Ukingoni

Mvuvi wa Matema anapofunga mtumbwi wake kwenye mti hakazi kamba mpaka ilie. Huiachia kidogo, wimbi lipate pa kwenda. Hesabu hiyo ndiyo wanayopiga wahandisi wanaotandaza kebo za chuma kwenye kingo za maghorofa ya kuegeshea magari, ili gari lisije likadondoka.

Kebo yenyewe ilizaliwa migodini. Mwaka 1834, huko Clausthal, Ujerumani, ofisa wa migodi Wilhelm Albert alichoshwa na minyororo ya kuvutia madini. Pete moja ikikatika, mnyororo wote umekwisha. Akasokota nyaya pamoja. Mmoja ukikatika, wenzake wanabaki wameshika mzigo. Mwaka 1928, Mfaransa Eugène Freyssinet alipata hataza ya zege linalokazwa kwa chuma kilichovutwa. Kazi hiyo ndiyo iliyofungua njia ya kebo za nyaya saba zinazokaza sakafu za maghorofa, na wajenzi wa Marekani wakaona zinafaa pia kuzuia magari.

Sasa tazama. Kanuni za Uingereza zilichukua gari la kilo 1,500, mwendo wa mita 4.5 kwa sekunde, yaani kama mtu anayekimbia, na bodi inayobonyea sentimita 10. Likigonga ukuta usiotikisika, kishindo ni kama uzito wa tani 15. Kizuizi nacho kikisogea sentimita 10, kishindo kinashuka nusu. Lakini kebo ikilegea mno, magurudumu yatakuwa yamekwisha kutoka nje.

Wengi husahau nguzo za mwisho. Kebo 10 zikivutwa tani moja na nusu kila moja, nguzo inavutwa tani 15 usiku na mchana, hata pasipo na gari. Nguzo dhaifu ikipinda, kebo zote zinalegea. Kabari zinazoshika ncha nazo huliwa na kutu, hasa kwenye hewa ya bahari. (Na watoto huzipanda kebo kama ngazi, mchora ramani asilipuuze hilo.)

Anayedhani haya ni mambo ya wenye maghorofa tu, akumbuke kivuko cha Likoni, Mombasa. Mlango wa kupandia magari ukiinuliwa ndio ukuta wa kivuko. Septemba 29, 2019, ulikuwa chini safarini. Gari likateleza kinyumenyume, likatumbukia baharini na mama na bintiye ndani. Lilitolewa Oktoba 11, miili yao ikiwa bado humo.