Mtaji wa fundi wa Jericho

Fundi wa vyuma kando ya soko la Jericho, Nairobi, akipata kazi ya geti, benki haimjii akilini. Humwomba mteja malipo ya awali, akanunue vyuma. Akikosa mashine ya kuchomelea, huiazima kwa fundi aliyemfundisha kazi. Mkongwe huyo hadai hati ya kiwanja. Anamjua kijana: anajua mikono yake, na anajua akinywa pesa za mteja atapatikana wapi.

Huo ndio uwekezaji wa kale zaidi Eastlands, wa mtu aliyeanza biashara yake kumwinua anayeanza. Serikali nayo haikuchelewa. Mwaka 1954 wakoloni walianzisha shirika la kuendeleza viwanda, ambalo baadaye lilikuja kuitwa ICDC. Mwaka 1967 likaja shirika la Kenya Industrial Estates. Pesa za mashirika hayo zilimpendelea mwenye dhamana na anayejua kujaza fomu. Mtu wa nyundo alikuwa wa kufukuzwa na askari wa kanjo. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya 1972 ndiyo iliyosema waziwazi kwamba kazi zake ni ajira yenye tija.

Mwaka 1985 Rais Moi alifika Kamukunji na kuagiza mafundi wajengewe mabanda. Pengine hapo ndipo serikali ilipopatia kuliko kwingine kote. Haikuchagua nani ana kipaji. Ilitoa paa na mahali pa kusimama, soko likafanya uchaguzi.

Iliporudi kugawa pesa yenyewe, mambo yaliingia mchanga. Hazina ya vijana ilianza 2006 na shilingi bilioni 1, na miaka kumi baadaye Bunge lilikuwa likichunguza malipo yake tata ya shilingi milioni 180. Hazina ya Uwezo ya 2013 ilipewa bilioni 6 zilizokuwa zimetengewa duru ya pili ya uchaguzi ambayo haikufanyika; siasa ilikuwa mle tangu siku ya kwanza. Hustler Fund ya Novemba 2022 ilifika kwenye simu za watu wengi, lakini wengi walianzia shilingi 500, ambazo hazinunui hata bati moja.

Je, waanzilishi wenye uzoefu wamefanya vizuri zaidi? Kwa kuchagua, nadhani ndiyo. Erik Hersman, mmoja wa waanzilishi wa jukwaa la Ushahidi, alishiriki kuanzisha mfuko wa uwekezaji wa Savannah Fund mwaka 2012. Mwaka 2016 Wandia Gichuru wa maduka ya mavazi ya Vivo aliketi kama mwekezaji kwenye kipindi cha televisheni cha KCB Lions' Den, akiwauliza wajasiriamali maswali ya mtu aliyewahi kulipa kodi ya duka. Lakini wanataka hisa, na fundi wa geti hana hisa za kuuza. Tena isisahaulike kwamba pesa za serikali nazo huzaa: M-Pesa, fahari ya Nairobi, ilijaribiwa kwa msaada wa serikali ya Uingereza kabla ya kuzinduliwa Machi 2007.

Mkongwe wa Jericho pia ana upofu wake: humwinua anayemjua, na mara nyingi huyo ni mpwa wake au kijana wa kwao. Msichana anayetaka kuchomelea na hana mjomba fundi hana wa kumwazima mashine. Kwake yeye mlango ni Women Enterprise Fund ya 2007, inayokopesha vikundi vya wanawake wanaodhaminiana.